Lori Limetoka, Mimi Bado

Kangle, Haizhu,
Guangzhou, China.
Jumapili, 22 Juni 2008.

Mpendwa Baba Mdogo Thomas,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Baba Mdogo, na shikamoo nyingine nzito umfikishie Mama Mdogo Martina huko jikoni aliko. Je, mguu wako unasemaje? Ule ukuta wa stoo ulioanguka masika yaliyopita umesimama, au bado mnauegemeza kwa magogo? Na mpunga? Nawaza sana mpunga wa Mlimba siku hizi. Hapa mchele upo kila kona, lakini haunukii kitu.

Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Mgongo unaniuma kidogo kwa kulala juu ya marobota ya vitambaa, na nimekuwa mweupe kama nimefungiwa ghalani. Mengine utayasoma.

Barua hii anaileta Humphrey, yule mfanyabiashara wa Dar niliyekutajia kwenye simu. Anaondoka Alhamisi, na ameniahidi kuituma Mlimba kwa treni, kwa mtu anayemwamini. Nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Vaa miwani, kaa chini, uisome peke yako mpaka mwisho. Najua tabia yako ya kusoma barua zangu kwa sauti barazani huku majirani wakichangia. Hii usiwape. Mwishoni kuna ombi, na ombi lenyewe nimelibeba miaka kumi.

Sijatoka Kangle tangu mwezi wa tatu. Nasema sijatoka, nina maana sijavuka barabara kubwa. Kangle ni kijiji kilichomezwa na jiji. Nyumba zimebanana hata ukiwa dirishani unaweza kumpa jirani sahani ya chakula mkononi, na chini yake ni vichochoro na vyerehani, vyerehani tu. Jua tunaliona saa sita mchana kwa muda wa kunywa chai. Nje ya hapo, mwaka huu wanakagua pasipoti kila mahali kwa sababu ya michezo ya Olimpiki. Wenzetu wawili walikwenda kununua vitu mtaa wa Yide Lu wakarudishwa makwao wakiwa wamevaa kandambili. Mimi hata hiyo pasipoti ya kukaguliwa sikuwa nayo mfukoni.

Unakumbuka nilikuja mwishoni mwa mwaka 2006 kununua spea za duka la Makambako. Viza ilikuwa ya siku thelathini. Kontena likachelewa, na wakati nasubiri nikamtengenezea jenereta mtu mmoja mwenye karakana ya kushona jinzi, jina lake Liang. Akapenda kazi yangu. Akasema nimpe pasipoti, anamjua mtu wa kuniongezea viza. Nikampa kama mjinga. Akaifungia kwenye droo ya meza yake. Kila nikimuuliza anajibu "mingtian", na wewe neno hilo unalijua tangu kambi ya reli: kesho. Baba Mdogo, nimekula hiyo kesho mwaka mmoja na nusu.

Liang si mtu mbaya, na hapo ndipo shida ilipo. Nikiugua ananiletea uji. Mama yake ananiita kwa jina, "Weda, Weda." Ila anajua nikiishika pasipoti nitaondoka, na akibaki bila fundi vyerehani arobaini vitamlaza macho. Basi ananifuga. Mtu mbaya ningeshamtoroka.

Sasa nikupe habari ya lori, maana najua utafurahi kuliko mambo yangu. Nyuma ya karakana kuna ua, na uani kuna Jiefang. Ndiyo, lile lile! Lile la kijani, lenye boneti ya mviringo na taa mbili zilizotoka kama macho ya chura, mlilokuwa nalo Mlimba mkijenga reli na Wachina. Siku ya kwanza nilipoliona nililishika bampa nikasimama tu. Nilisikia harufu ya gereji yako. Hili la hapa lilikuwa la marehemu baba yake Liang, alibebea miwa na mchanga tangu ujanani, na alipofariki likaachwa pale pale alipoliegesha.

Shida ni kwamba wakati lori limelala, kijiji kilikua. Mwenye nyumba ya jirani alijenga chumba juu ya kichochoro, kikavuka kutoka ukuta hadi ukuta, na chini ya boriti yake ya zege ndipo ulipo mlango pekee wa ua ule. Lori liliingia hapo kukiwa wazi. Sasa paa la kebini lilikuwa linazidi boriti kwa sentimita kumi na nane. Halitoki. Kukata kebini Liang hataki hata kusikia, anasema hamkati baba yake kichwa. Upepo wa matairi ulikuwa umeshapunguzwa, yakiguswa zaidi yangechanika.

Na Liang amefungua duka kubwa kule Shahe, wanakouza nguo za jumla. Ameona kwenye gazeti picha ya lori la zamani la Kimarekani lililoshushwa pua mpaka bampa inakaribia kulamba sakafu, na wasichana waliovaa jinzi wameliegemea. Akanionyesha picha, akanionyesha lori la baba yake. Akaniwekea sharti mbele ya mama yake: siku lori likitoka uani, pasipoti naipata mkononi, na yeye mwenyewe atanipeleka polisi kunidhamini ili niruhusiwe kurudi nyumbani. Nikamwambia aape. Akaapa kwa kaburi la baba yake. Nikachukua spana.

Baba Mdogo, wewe ulinifundisha kuinua. Maisha yetu yote tumeinua magari. Tumeongeza majani ya springi, tumeweka vipande vya chuma juu ya ekseli, tumefanya kila ujanja ili gari lisiguse mawe ya njia ya Ifakara. Hakuna siku hata moja mtu alikuja gerejini akasema, mafundi, nishushieni. Kwa hiyo nilipolala chini ya lile lori nilijiona kama mtu anayevaa shati nyuma mbele.

Nilianza na ekseli ya mbele. Niliifungua yote, tukaikokota kwa mkokoteni hadi kwa wahunzi walio humu humu kijijini. Waliipasha moto ncha zote mbili, wakaziinua, na katikati ikabaki chini kama kitanda cha kamba kilicholegea. Magurudumu yakakaa palepale, mwili wa lori ukashuka sentimita kumi. Zilibaki nane.

Hizo nane ilibidi zitoke kwenye springi. Kila upande ulikuwa na majani kumi na moja. Nikapiga hesabu: nikitoa matano na kuyanyoosha kidogo yaliyobaki, pua inashuka tisa, tunapita na sentimita moja ya sadaka. Nikayatoa matano. Nikakata yubolti fupi mpya za kuyabana, nikabadilisha bushi zote kwa raba niliyochonga mwenyewe. Kazi safi, ungeiona ungenipigia makofi.

Halafu nikafanya ujinga, na lawama nusu ni yako. Nilipokuwa napanga yale sita ili nifunge senta bolti, mkono ulikataa. Sauti yako ikaniingia masikioni: "Gari bila jani la akiba ni jeneza." Tangu nina miaka tisa nakusikia ukisema hivyo kwa kila dereva. Nikatazama yale majani sita, membamba, yamebeba injini nzima ya Jiefang, nikaona aibu kana kwamba namtuma mtu safari bila maji. Nikachukua jani moja kati ya yale niliyoyatoa, moja kila upande, nikalirudisha. Nikajiambia ni majani mazee, yatalala yenyewe lori likisimama siku mbili. Kwetu hulala. Haya yalikuwa yamepumzika miaka mingi bila mzigo, yakasimama kidete.

Kesho yake nikapima. Ukingo wa mbele wa paa ukapita chini ya boriti, nafasi ya karatasi. Nikafurahi. Sikukumbuka kwamba pua ikishuka, kisogo cha kebini hakishuki sawa nayo, kinabaki juu.

Jumatano saa nne asubuhi tukalisukuma. Wabeba marobota kumi na wanne walisukuma nyuma, Liang yuko kwenye usukani na shati jeupe, mama yake anawasha udi. Boneti ikapita, kioo kikapita, nusu ya paa ikapita. Kisha likakaza. Lilitoa mlio wa bati na zege, nikausikia mpaka kwenye meno. Kusukuma mbele, haliendi. Kurudisha nyuma, halirudi. Lori lilikuwa limeziba kichochoro kama gunzi chupani.

Kile kichochoro, Baba Mdogo, ndicho njia ya karakana sita. Ndani ya robo saa vitambaa vilikuwa vimerundikana upande wa nje, nguo zilizokwisha kushonwa zimerundikana upande wa ndani, na watu wanapiga kelele pande zote mbili. Mimi nilikuwa upande wa ndani. Mwenye chumba cha juu akachungulia dirishani akasema anaita polisi. Hilo nililielewa bila mkalimani. Nyuma yangu ukuta, mbele yangu lori nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na polisi wanaitwa. Nikakaa juu ya ndoo.

Pale kwenye ndoo ndipo nilipokukumbuka vizuri, si ile sauti ya jani la akiba, bali wewe mwenyewe. Bolti ya springi ikigoma kuingia ulikuwa unawaita kina mama wanaopita na ndoo za maji, unawaambia kaeni kwenye bampa, kaeni, msiogope. Wanakaa, wanacheka, springi inakaa, bolti inaingia.

Nikaruka. Nikaingia karakanani kwa Liang, nikaanza kuwavuta wanawake kwenye vyerehani kwa ishara, njooni, njooni! Walinitazama kama nimepagawa. Mama yake Liang ndiye aliyeelewa kwanza. Alipita chini ya lori kwa magoti, mama wa miaka sabini, akatokea mbele, akakaa kwenye bampa na udi wake mkononi. Basi wakamfuata, wakitambaa mmoja mmoja. Wanane wakakaa kwenye bampa, watatu kila madigadi. Wale wa nje wakaanza kupandisha marobota ya jinzi juu ya boneti. Pua ikaenda chini. Nililiona lile jani la ziada likikunjika, polepole, na mwanga mwembamba ukatokea kati ya paa na zege. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Sukuma!" Wakaelewa wote.

Likatoka. Wanawake walipiga vigelegele vyao, si kama vyetu, lakini moyo ni ule ule. Liang alishuka akaikumbatia boneti akalia mbele ya wafanyakazi wake. Hata mimi nililia, ila mimi nilikuwa na sababu zangu.

Walilivuta hadi barabarani, nikalifuata hadi mwisho wa kichochoro. Pale nikasimama, kwa sababu pale ndipo ninaposimama siku zote. Lori lililofungiwa miaka yote hiyo likakata kona likaenda Shahe, na mimi niliyelitoa nikabaki nimeshika ukuta. Sijawahi kulionea lori wivu maishani mwangu ila siku ile.

Jioni ile Liang akarudi amenuna. Kule dukani watu na marobota wameshuka, na pua imepanda tena vidole viwili. Haifanani na picha. Akataka niende gizani nimefunikwa turubai kwenye gari la mizigo, nitoe lile jani, kisha pasipoti tutazungumza.

"Mingtian," akasema.

"Meiyou mingtian," nikamwambia. Hakuna kesho. "Lori limetoka. Uliapa kwa kaburi."

Alikasirika, akamwita mama yake. Mama akasikiliza pande zote mbili, akaenda mwenyewe kwenye meza, akanyoosha mkono kwa mwanawe apewe ufunguo. Liang akautoa. Yule mama akaniwekea pasipoti yangu kiganjani na kunifunga vidole juu yake, mmoja mmoja.

Nilikwenda kukaa nayo juu ya marobota. Niliinusa. Nikaifungua nijione nilivyokuwa. Halafu nikaona tarehe. Ilitolewa Mei 1998, nilipokuwa fundi wa malori ya Zambia, na muda wake umekwisha tarehe 14 Mei mwaka huu. Wiki tano tu, Baba Mdogo. Imekufa ndani ya droo na hakuna aliyejua.

Sitakuficha, usiku huo nilimtukana Liang, nikamtukana na Mungu, naye nimeshamwomba msamaha. Nikienda polisi na pasipoti iliyokufa hawanipi ruhusa ya kutoka, watanihifadhi mahali mpaka ijulikane mimi ni nani. Na nisipokwenda, nitabaki hapa kama lile lori, mpaka wanijengee chumba juu ya kichwa.

Kuna binti wa kwetu, Domina, anasoma udaktari chuo cha hapa kwa ufadhili wa serikali. Huja Jumamosi kunitafsiria. Juzi Ijumaa alipiga simu ubalozi wetu Beijing kwa niaba yangu. Wamemjibu vizuri: wanaweza kutoa hati ya dharura ya safari, wakipata cheti changu cha ubatizo au cha kuzaliwa, na barua ya mtendaji wa kata ambamo mzazi aliyeandikwa kwenye fomu ya pasipoti anathibitisha kwamba mimi ni mwanawe. Liang naye, kwa aibu ya mama yake, ameandika barua ya kunidhamini, na Domina anayo. Hati ikija, Liang ananipeleka polisi, nami namtolea jani lake. Vimebaki cheti na barua ya mtendaji tu.

Domina aliniuliza, "Kaka Vedasto, baba bado yupo?"

Nikamjibu, "Yupo, yuko Mlimba."

Sasa ndiyo nakuambia. Shuleni niliandikwa Vedasto Anatory, na wewe unanijua hivyo. Kaka yako Anatory ndiye aliyenizaa, simkani. Lakini alipovuka kwenda Uganda asirudi nilikuwa na miaka minne, na sura yake siikumbuki, nakumbuka viatu tu. Wewe ndiye uliyepanda meli na treni kuja kunichukua nikiwa na miaka sita, ukanibeba begani kutoka stesheni kwa sababu nilikuwa naogopa vyura.

Mwaka ule wa 1998, Dar, nilipofika kwenye ile fomu, palikuwa na mstari: jina la baba. Nilishika kalamu nikakaa nayo muda mrefu, mpaka mtu wa nyuma akaguna. Nikaandika Thomas. Nikala kiapo kwa wakili kwamba ndivyo. Pasipoti ikatoka Vedasto Thomas, na hivyo ndivyo ninavyoitwa nje ya nchi tangu hapo. Nilikosea kisheria, najua, na ikibidi kujieleza nitajieleza nikiwa nimefika. Ila sikukosea kwa bahati mbaya.

Mbona sikukuambia? Kwa sababu ya siku ile nilipovunja taa ya lori la misheni. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulinyanyua mkono, ukaushusha, ukasema, "Ningekuwa baba yako ningekuchapa. Mimi si baba yako." Ulisema kwa huruma, Baba Mdogo, ulitaka kunisamehe. Lakini nilikwenda nyuma ya gereji nikalia kuliko kama ungenichapa fimbo ishirini. Toka siku hiyo naogopa kukuuliza, nisije nikasikia tena.

Ombi langu ni hili. Cheti cha ubatizo, kile kisichoandikwa jina la baba, kiko kwenye lile kopo la bluu la biskuti juu ya kabati, chini ya stakabadhi za spea. Kichukue, uende nacho kwa mtendaji. Atakuuliza huyu kijana ni nani yako. Domina anasema ukijibu "mtoto wa kaka", barua haitafanana na fomu na ubalozi utakwama. Kwa hiyo nakuuliza hapa, nikiwa mbali ambako huwezi kuniona usoni: unaweza kumwambia kwamba mimi ni mwanao? Kama moyo wako unasita, usiseme. Nitatafuta njia nyingine na sitakulaumu. Sitaki useme kwa kunihurumia, ile huruma ya siku ya taa imenitosha.

Ukikubali, mtumie Humphrey barua na cheti, atarudi huku katikati ya Julai. Namba yake iko nyuma ya bahasha.

Nisalimie Mama Mdogo Martina, umwambie kitenge chake nimeshakinunua tangu mwaka jana, ndicho ninachojifunika. Msalimie Elinami wa duka la spea Makambako, mwambie sijamkimbia. Wasalimie wote pale gerejini, na lile jiwe tunalokalia. Mungu akuongezee siku, akulinde mguu wako na nyoka na matope, akukalishe vizuri mpaka nifike kukushika mkono. Nangoja jibu lako hapa hapa, sina pengine pa kwenda.

Mwanao akupendaye, ukiniruhusu,

Vedasto Thomas